Mgane wa Berea

"Hajafa huyo mke! Ninawaambia hajafa! Mwanaume ni mwongo!"

Mama Jeanne alipiga ukelele huo nusu ya kichwa chake ikiwa imesukwa na nusu nyingine imesimama wima. Saluni nzima ikaangua kicheko. Aliyeshindwa kucheka ni Lambert. Alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyofunikwa, kando ya mlango, ndani ya sare yake ya ulinzi, chai imempoa mkononi.

"Mama Jeanne, usinitangulie," alisema Rosalia, mchumba wa Lambert, akifungua ukurasa mwingine. "Hapa bado wanasema alikufa."

"Soma basi! Umeme utarudi sasa hivi utukatie utamu."

Ilikuwa Desemba 2019, na Johannesburg umeme ulikuwa unakatwa kwa zamu, siku nyingine mara tatu. Saluni zingine za mtaa wa Berea zilikuwa zinalia njaa. Kwa Rosalia, ghorofa ya pili, wateja waligombania saa hizo hizo. Mashine za kukaushia nywele zikizimika, msaidizi wake Falonne aliendelea kusuka karibu na dirisha, na Rosalia alifungua kitabu. Alikuwa na maboksi mawili ya hadithi za Kikristo, nyingi zikiwa za Waamishi, wale Wakristo wa Marekani wanaopanda magari ya farasi na kuishi bila umeme. Zimeandikwa kwa Kiingereza, lakini mdomoni mwake zilitoka kwa Kiswahili papo hapo. Mama yake alikuwa wa Morogoro, baba yake Msauzi aliyekaa huko uhamishoni, na lugha zote mbili zilikuwa zake.

Akina mama walizipenda hadithi hizo vibaya sana. Hakuna matusi, hakuna uchawi, busu la kwanza linakuja ukurasa wa mia mbili, na kila baada ya kurasa tatu mtu anaoka keki. Hii ya Krismasi ndiyo ilikuwa balaa. Mgane mmoja, Eli, amehamia kijiji cha mbali, akampenda mwalimu wa shule, na harusi yao ni wiki ya Krismasi.

Sasa, Lambert naye alikuwa mgane. Ndivyo Berea ilivyomjua. Alitoka Uvira, Kongo, miaka minne iliyopita, akawaambia watu wa kanisa kwamba mkewe Thérèse alikufa kwa homa ya matumbo, akaacha watoto wawili kwa bibi yao. Kanisa likamlilia marehemu. Rosalia akamlilia kuliko wote, kisha akampenda mfiwa. Harusi ilikuwa tarehe ishirini na nane, siku tatu baada ya Krismasi, na gauni lilikuwa limeshaning'inia nyuma ya pazia.

Thérèse hakuwa amekufa hata kidogo. Na Lambert, tumpe haki yake, alimpenda Rosalia kweli, na hiyo ndiyo ilikuwa shida. Angekuwa anacheza tu angeshaingia mitini zamani.

"'Eli,'" Rosalia alisoma, "'kabla hatujafunga ndoa, nipeleke kwenye kaburi la mkeo. Nataka niweke maua, nimwombe ruhusa.' Eli akageuza uso, akajifanya anakaza kamba za farasi."

"Mmeona?" Mama Jeanne alipiga paja. "Kaburi gani? Hakuna kaburi!"

Chai ikamwagikia Lambert magotini. Wiki mbili zilizopita, humu humu saluni, Rosalia alimwambia maneno hayo hayo. "Tukienda kwenu Uvira, nipeleke kwa Thérèse. Niweke maua, nimwombe ruhusa." Na yeye, siku hiyo, alijifanya anafunga kamba za buti.

Akamtazama mchumba wake. Rosalia akainua macho kutoka kitabuni, akamtabasamia.

*Anajua,* Lambert akawaza. *Anatunga. Hakuna kitabu cha namna hiyo duniani.*

Rosalia alipotoka kwenda kuchota maji, Lambert alikinyakua kile kitabu. Jalada lilikuwa na mwanamke mwenye kofia nyeupe kwenye theluji. Ndani kulikuwa na Kiingereza, mstari juu ya mstari. Lambert alisoma shule kwa Kifaransa. Kiingereza chake kilikuwa cha getini: weka sahihi hapa, nionyeshe kitambulisho. Akakirudisha mezani.

Jioni alimwandikia ujumbe.

"Chérie, ile kitabu, unasoma vile iliandikwa ao unaongeza?"

Jibu likaja haraka: "Neno kwa neno mpenzi wangu 😊 Kesho usikose. Kesho kuna magoti."

Magoti! Katika sura ya saba walisomewa habari ya jirani mmoja aliyechoma ghala la mwenzake kwa uzembe. Kwa Waamishi, mkosaji hupiga magoti mbele ya watu wote, huungama mwenyewe, na akishaungama husamehewa, na jambo hilo halitajwi tena. Akina mama walilia siku ile. Rosalia alifuta machozi akasema, "Hivi ndivyo watu walivyotakiwa kuishi."

Basi Lambert akaona njia imefunguka. Rosalia anajua, na kwa upole wake anampa nafasi kupitia kitabu. Atangulie kuungama, asamehewe, yaishe.

Kesho yake, saa tisa alasiri, umeme ukakatika. Falonne akasogeza kiti dirishani, na Mama Jeanne, ambaye nywele zake zilikuwa zimeshakwisha kusukwa, alikuja kwa ajili ya kitabu tu.

"Sura ya kumi na tisa," Rosalia alianza. "Theluji ilikuwa imeacha kuanguka. Eli akamwendea mwalimu, akavua kofia, akasema, kuna kitu nimekificha..."

"Basi, Rosa! Simama hapo!"

Lambert alikuwa amesimama. Kofia ya kazi ilikuwa mkononi. Akapiga magoti katikati ya saluni, juu ya nywele zilizokatwa.

"Rosa, chérie, ninaomba pardon. Mbele ya Mungu na mbele ya hawa bamama. Thérèse hakukufa. Iko muzima, Uvira, na batoto. Nilidanganya kanisa, nikakudanganya na wewe. Nilikupenda, nikaogopa kukupoteza."

Kitana kikamponyoka Falonne. Mama Jeanne akafunika mdomo kwa mikono miwili.

Kidole cha Rosalia kilikuwa bado kwenye mstari ule ule.

"Unasema nini, Lambert?"

"Usinitese tena. Najua unajua. Tangu ile siku uliniuliza kaburi."

"Kaburi?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kaburi niliiga humu. Nilikuwa nimeshasoma mbele. Nikaona yule mwalimu ana upendo mzuri, nikasema na mimi nifanye hivyo."

Lambert akakitazama kile kitabu.

"Mimi nilikuwa nasoma tu," Rosalia akasema.

"Na mke wa Eli je?" Mama Jeanne alishindwa kujizuia.

"Alikufa, Mama. Alikufa kweli. Eli alikuwa anaficha uchungu wake, alishindwa kwenda kaburini peke yake. Magoti ni hapa, kaburini, wanapiga pamoja. Wewe ndiye uliyesema ni mwongo, siyo kitabu."

Mama Jeanne akashika kichwa. "Yesu wangu. Nimeotea mwongo wa huku."

Miaka minne hakuna aliyemshuku Lambert, na leo amejimwaga mwenyewe hadharani kwa ajili ya Mmarekani ambaye hakufanya kosa lolote. Akamshika Rosalia pindo la sketi.

"Rosa, ule jirani, balimusamehe. Ulisema njo vile watu banapashwa kuishi."

"Yule alichoma ghala, Lambert." Rosalia akatoa pindo lake taratibu. "Lete simu."

"Rosa, hapana..."

"Lete simu. Namba yake umeihifadhi kwa jina gani?"

Lambert alitazama sakafu. "Chef Kazi."

Falonne akaguna kwa sauti. Saluni nzima ilimjua Chef Kazi. Kila Jumapili baada ya ibada Chef Kazi alipiga, na Lambert alitoka mbio kwenda ngazini akiitikia "Oui, chef," yaani ndiyo bosi, na Rosalia alikuwa akimsifu mbele ya watu kwa kujituma kazini.

Simu iliita mara tatu, sauti ikiwa imefunguliwa yote.

"Papa Héritière? Leo si dimanche, kuko nini?"

"Dada, siyo yeye. Naitwa Rosalia. Napiga kutoka Johannesburg."

"Aaah! Rosalia wa kanisa!" Sauti ya mwanamke ikachangamka. "Njo wewe unatumiaka batoto manguo! Papa yao aliniambia. Héritière analalaka na ule sweta ya rouge, anakataa kuivua. Mungu akubariki sana, dada yangu."

Rosalia alifumba macho. Alikuwa ameifuma sweta hiyo nyekundu mwenyewe, kwa ajili ya yatima. Alipoyafumbua, machozi yalikuwa yanamtoka, lakini sauti ilikuwa kavu.

"Dada Thérèse, nisamehe kwa haya ninayokuambia. Tarehe ishirini na nane mumeo alikuwa anioe. Hapa kanisani tulishakulilia. Alituambia umekufa."

Nyuma ya Thérèse walisikika watoto wakicheza.

"Nilikufa na nini?"

"Homa ya matumbo."

"Siku gani?"

"Tarehe kumi na nne Juni. Kila mwaka siku hiyo mimi nafunga, sili kitu, nakuombea upumzike kwa amani."

Lambert alitingisha kichwa, akimwomba kwa macho akate. Rosalia hakukata.

"Kumi na nne Juni," Thérèse alisema polepole, "njo siku yetu ya ndoa. Njo siku ule bwana alinioa."

Mama Jeanne akaanza kulia. Falonne alimtazama Lambert akasema, "Ulikosa hata tarehe ya kutunga?"

"Thérèse, sikia..." Lambert aliinama kwenye simu.

"Eko hapo?" Thérèse aliuliza. "Anasikia?"

"Yupo, dada. Amepiga magoti."

"Abakie hivyo hivyo." Simu ikakatwa.

Rosalia akamrudishia simu yake. Akaenda nyuma ya pazia, akatoka na gauni jeupe, akalikunja mara mbili, mara nne, akalitia kwenye mfuko wa plastiki na kumkabidhi Falonne.

"Rosa, nakupenda," Lambert akasema. "Kwa ile moja sikudanganya."

"Najua. Na mimi nilikupenda. Nilikupenda kwa sababu ulivyomlilia mkeo pale kanisani, mbele ya watu wote, nilisema huyu anajua kupenda." Akainama kumtazama usoni. "Machozi yale ulikuwa unamlilia nani?"

Lambert alitaka kusema kwamba alilia kwa aibu, kwamba siku ile ndiyo alijua hawezi tena kurudi nyuma. Alifungua mdomo, na papo hapo umeme ukarudi. Taa zikawaka, redio ya ghorofa ya chini ikaanza kuimba za Krismasi. Rosalia akafunga kitabu, akawasha mashine zote mbili za kukaushia nywele ingawa hakukuwa na mteja chini yake, na mngurumo ukameza kila alichosema Lambert baada ya hapo.

Lambert akashuka ngazi. Nywele za watu zilikuwa zimemganda kwenye magoti ya sare. Akazunguka mitaani mpaka giza likaingia, na alipofika kwenye robot, taa za barabarani, simu ikatetemeka mfukoni. Skrini iliandika Chef Kazi, na moyo wake ukaruka kwa tumaini la kijinga. Labda huyu atasamehe. Labda kule bado kuna mlango.

Akafungua ujumbe.

"Nimeambia batoto kama papa yao amekufa Johannesburg. Héritière amelia mpaka ametapika, ile sweta nimeivua. Majirani bameshaanza kuja kutoa pole, na mama yako nimemutumia mutu amwambie. Usipige tena. Marehemu hapigake simu."