Tabu na Maji ya Buluu

Kila Jumamosi Tabu na mama yake, Biasha, hubangua korosho barazani kwao Mchukwi. Tabu ana miaka kumi na minne, na kwa kawaida mdomo wake haupumziki. Jumamosi hiyo hakutoka chumbani. Alikuwa hajaenda shule siku tatu, na Jumatatu kulikuwa na mtihani wa kidato cha pili.

Biasha alidhani ni uvivu. Akamsema hadi akachoka. Mwishowe akamwita jirani yao, Bi Tatu, mhudumu wa afya wa kijiji. Bi Tatu ndiye pia somo wa Tabu, yaani mwanamke aliyechaguliwa kumfunda akivunja ungo. Lakini Tabu alipovunja ungo mwezi uliopita, Bi Tatu hakuitwa. Biasha alisema watoto wa siku hizi wanafundwa na televisheni.

Bi Tatu aliingia chumbani, akaketi mkekani, akangoja. Tabu akalia kwanza, kisha akasema.

"Somo, mimi naumwa. Damu yangu si ya buluu."

Bi Tatu hakucheka. Mimi ningecheka, Mungu anisamehe. Aliuliza tu buluu imetoka wapi.

Tabu akaeleza. Dukani kwa Batul, pale Kibiti, kuna televisheni. Katika tangazo la pedi, maji ya buluu humiminwa juu ya pedi, yakanyonywa yote. Kisha msichana mwenye suruali nyeupe anaruka na kucheka. Sauti inasema, "Kavu siku nzima." Basi Tabu akavaa pedi moja toka asubuhi hadi jioni. Akaota vipele vya kuwasha. Damu yake nayo ilikuwa nyekundu, mara nyingine kahawia. Akaona amekwisha.

"Hujakwisha, mwanangu," Bi Tatu alisema. "Damu ya hedhi ni nyekundu. Mwanzoni na mwishoni huweza kuwa kahawia. Hata ya huyo anayeruka. Wenye tangazo wanaona haya kuonyesha damu, na wanataka kuuza."

Akamwambia abadilishe pedi kila baada ya saa nne hadi sita, hata kama haijajaa. Akitumia kitambaa, akifue kwa sabuni na kukianika juani, asikifiche chini ya godoro. Vipele visipopona, au damu ikijaza pedi kila saa, aende kituo cha afya.

Biasha alikuwa mlangoni, amesikia yote.

"Babu zetu wakati wa vita vya Maji Maji waliambiwa maji yatazuia risasi," alisema taratibu. "Na mimi nimemwachia mwanangu maji ya buluu."

"Wale walikuwa na shida ya wakoloni, Mama Tabu. Huyu alikuwa na hofu, na hakuwa na wa kumuuliza."

Biasha akamwomba mwanawe radhi. Si jambo dogo mzazi kumwomba mtoto radhi.

Jumatatu Tabu alifanya mtihani, pedi ya akiba ikiwa ndani ya mkoba. Wiki iliyofuata vipele vilikuwa vimepona. Akaenda dukani kwa Batul kununua sabuni. Tangazo likaanza, maji ya buluu yakamiminwa. Msichana mdogo aliyetumwa chumvi alikuwa ameikodolea macho televisheni.

Tabu akamwambia, na duka zima likasikia, "Ya kweli ni nyekundu. Siku ukiiona, usiogope. Njoo kwetu, nikupeleke kwa somo wangu."

Batul akanyoosha mkono, akapunguza sauti ya televisheni.