Masizi ya Kiti cha Nyuma

Kioo cha nyuma, upande wa kushoto, kilikuwa cha baridi. Ilikuwa saa sita mchana, chini ya paa la bati linalokaanga utosi, na gari lilikuwa limefungwa tangu asubuhi. Vioo vyote vilikuwa vya moto isipokuwa hicho kimoja, kilichokuwa baridi kama mtungi wa maji. Brashi alikigusa kwa kiganja, akakigusa tena kwa mgongo wa mkono, akatukana kidogo, akaendelea na kazi. Mtu mwenye kazi hana muda wa kushangaa vioo.

Walimwita Brashi kwa sababu hakuonekana bila brashi mfukoni, mbili au tatu, kubwa na ndogo. Kazi yake ilikuwa kusafisha ndani ya magari: matapishi, damu, maziwa yaliyochacha, na zaidi ya yote, moshi. Gari likishika moto na kuzimwa mapema, wengine wakasema ni la kutupa, yeye hulirudisha likinukia kama limetoka dukani. Mkewe alishona viti, mazulia na vitambaa vya dari. Walikaa humohumo uani, chumba kimoja cha kulala, kimoja cha cherehani. Na Brashi alikuwa na kitu alichojivunia kuliko hata mikono yake: akiona, anasema. Mteja mmoja alipodai damu ile ni ya mbuzi, Brashi alimuuliza mbele ya watu, "Mbuzi gani huyo anayepanda kiti cha mbele na kufunga mkanda?"

Lakini gari hili lililetwa na shemeji.

Shemeji alikuwa kaka mkubwa wa mkewe, muuza mbao, mtu wa kauli ya taratibu. Wazazi walipokufa, yeye ndiye aliyemlea dada yake. Alimlisha, akamsomesha, akamwozesha. Kwa mke wa Brashi, neno la kaka halikuwa na jibu.

"Nyaya tu, shemeji," alisema siku alipolileta likivutwa kwa kamba. "Zimepiga shoti, mimi niko kwenye mbao zangu. Hakukuwa na mtu ndani."

"Mungu kasaidia. Na Wifi karudi?"

"Yule? Wiki ya pili kaenda zake, na simu kazima. Wanawake wengine ukiwapa asali wanataka mzinga."

Wifi ndiye mke wake huyo. Wote pale uani walimwita Wifi, hata Brashi, kwa kumfuata mkewe. Alikuwa mwanamke wa kucheka, mwenye pete nene kidoleni. Akija hapigi hodi kama watu; hugonga bodi ya gari lolote lililo karibu kwa pete ile, ngo, ngo, ngo, kisha anapaza sauti: "Wenyewe mpo, au mmehama?" Kwamba ameondoka bila kuwaaga, mke wa Brashi hakuelewa. Lakini kaka kasema.

Shemeji alipoondoka, Brashi alifungua milango akaangalia. Nyaya zikipiga shoti, moto huanzia mbele, chini ya dashibodi. Mbele hakukuungua kitu, kila waya na rangi yake. Moto ulianzia nyuma, sakafuni. Ulikula zulia na nusu ya kiti, kisha moshi ukatanda dari nzima. Na mlango wa nyuma wa kushoto, kitambaa chake kilikuwa kimechanwachanwa kuzunguka kishikio, mistari minne, mistari minne, kama paka aliyefungiwa stoo.

Aliona. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, Brashi aliona na hakusema.

Masizi yana sheria moja, na Brashi alijifundisha sheria hiyo kwa kuharibu magari ya watu: maji mwisho. Kwanza unavuta kwa mashine. Kisha sifongo kavu, unafuta kuelekea upande mmoja, hurudi ulikotoka. Ukiyalowesha kabla hayajaisha, yanakuwa wino, yanazama kwenye kitambaa, yanazama kwenye ngozi, na hapo kuyatoa ni kazi ya kuhesabu nyota. Siku mbili Brashi alifanya hivyo, kavu kwa kavu, mkewe akishona kiti kipya. Siku ya tatu asubuhi kile kioo cha baridi kilikuwa cheusi tena, kwa ndani.

"Ulikipitia kweli?" mkewe aliuliza.

"Nimekipitia mara tatu. Mimi ni mtoto?"

Wakakifuta. Walipotoka kunywa chai na kurudi, masizi yalikuwa yamerudi, na safari hii yalikuwa na umbo. Kiganja. Vidole vitano, vyembamba.

"Umegusa wewe," Brashi alisema.

Mkewe aliinua mkono wake, mfupi, mnene, wenye kovu la sindano. "Huu? Huu ndio umeandika vile?" Kisha akainua pua, kama anayesikiliza. "Brashi. Unasikia harufu?"

"Harufu ya moto. Ulitaka ya biriani?"

"Chini ya moto. Vuta vizuri."

Akavuta. Chini ya plastiki iliyoungua kulikuwa na nywele zilizoungua, na chini ya nywele kulikuwa na mafuta ya karafuu. Wote wawili walimjua mtu mmoja tu aliyepaka karafuu kichwani.

"Funga mlango," mkewe alinong'ona.

Brashi akafunga. Na hapo, mchana mweupe, mitaani watu wanapita na mafundi wa jirani wanapiga nyundo, ikaja kutoka ndani ya gari lililofungwa, lisilo na mtu, ambalo ufunguo wake ulikuwa mkononi mwa Brashi: ngo, ngo, ngo, si kwa nguvu, kwa uchovu, kama mtu aliyegonga kwa muda mrefu na sasa anagonga kwa sababu tu mkono umeshazoea, na kila likigongwa kile kioo kiliongezeka weusi kidogo, kidogo, mpaka kikawa hakipitishi mwanga.

Mtu mwingine angekimbia. Brashi alikuwa na hasira za karibu, na hofu yake yote ilitokea mlango wa hasira. Alinyakua ndoo ya maji ya sabuni, akafungua mlango, akamwaga yote, kwenye kioo, kwenye mlango, kwenye dari. "Toka! Toka kwenye kazi yangu!"

"Maji, Brashi! Maji!" mkewe alipiga kelele.

Alikuwa amechelewa. Masizi yaligeuka wino, yakateremka mlangoni kwa mifereji, yakielekea kwenye kiti kipya ambacho mkewe alikuwa amekishona siku mbili. Mwanamke akajitupa ndani kuyazuia kwa mikono mitupu, bila glavu, kwa kuwa ni jasho lake lile. Alipotoka, mikono ilikuwa myeusi hadi kwenye viwiko. Akaosha kwa sabuni. Akaosha kwa siki. Akaosha kwa mafuta ya taa. Weusi haukutoka. Akaketi kwenye ngazi ya chumba cha cherehani, akakohoa mara moja, na pumzi iliyotoka ilikuwa ya kijivu.

Kisha akamtazama mumewe kwa macho yasiyo yake, akagonga ngazi kwa kifundo cha kidole, mara tatu, akasema kwa sauti ya mtu mwingine, ya kukwaruza: "Wenyewe mpo, au mmehama?"

Brashi alimpigia simu shemeji. Angempigia nani? Alisema dada yake anaumwa, anaongea maneno ya Wifi. Shemeji akajibu, "Usimwite mtu yeyote. Nakuja na mtaalamu."

Alasiri hiyohiyo akaja na mganga mwenye miwani na mkoba wa ngozi, mtu wa kuangalia saa. Walimlaza mgonjwa chumba cha cherehani, wakafunga madirisha. Mganga akafukiza kitu kwenye kigae, akamwinamia.

"Wewe uliyempanda huyu ukamfanya kiti chako, wewe ni nani?"

"Mnanijua."

"Unataka nini? Sema upewe. Unataka kitambaa? Unataka damu?"

Mwanamke akacheka, na moshi ukamtoka puani. "Sitaki kitu cha mtu. Nilifungiwa, nikagonga, nikagonga mpaka pete ikanizamia kidoleni, na aliyefunga alisimama nje akiangalia saa, kama wewe unavyoangalia."

Shemeji hakutikisika. "Jini hilo, mtaalamu. Majini ni waongo."

"Muulizeni Brashi," sauti ikasema, polepole, karibu kwa upole. "Brashi ameona. Brashi akiona anasema. Akisema tu, mimi naondoka zangu, na huyu mwenzangu namwacha mzima."

Wote wakageuka. Brashi alimwona mkewe pale sakafuni, mikono myeusi ikipanda sasa mabegani, na alimwona shemeji, aliyemtazama bila hasira yoyote, kama mtu anayesubiri chenji yake, na akafikiria mbao zile na watu wanaobeba mbao zile, vijana wa kutumwa lolote, na mkewe atakapozinduka aambiwe kwamba kaka yake, baba yake wa pekee, ni muuaji, na nani atakuwa amemwambia, na kama atamwamini, na kama akiamini atabaki na nani duniani, na mawazo haya yote yalipita kwa muda mfupi kuliko kukohoa, na mdomo wake ukafunguka wenyewe.

"Sijaona kitu."

Hakukuwa na kelele, ni kama mtu aliyegonga hadi akachoka, akaenda zake. Weusi uliteremka kutoka mabegani hadi viwiko, hadi viganja, hadi kwenye kucha, ukaisha. Mkewe akavuta pumzi ndefu, safi, akauliza kwa nini amelala sakafuni.

"Limetoka," mganga alisema, akifunga mkoba. "Dawa hii haijawahi kushindwa."

"Malizia basi gari, shemeji," shemeji alisema. "Hicho kitambaa cha mlango nitakitupa mwenyewe."

Masizi yote yalitoka kwa sifongo kavu, kama vumbi la chaki. Mkewe alishona mlango mpya, akaweka zulia jipya, akawa anaimba. Katikati ya wimbo alisimama. "Lakini Wifi naye. Hata kuaga?"

Brashi alitupa sifongo, akaenda kituo cha polisi kwa miguu. Alisema yote. Afisa mmoja, mtu mvumilivu, akaja naye hadi uani.

"Moto ulianzia wapi?"

"Hapa. Masizi yalionyesha."

"Yako wapi?"

"Nimeyafuta."

"Na hiyo mikwaruzo?"

"Tumebadilisha kitambaa. Cha zamani kachukua yeye."

"Mke wake kuna ndugu wamesema amepotea?"

"Hana ndugu huyo. Alikuwa na sisi."

Afisa alipitisha kidole darini, akakitazama. Cheupe. Akaingiza kichwa, akanusa, akatikisa kichwa kwa kustaajabu. "Fundi, sikufichi. Langu nyumbani linanuka samaki mwezi wa pili huu. Nikikuletea Jumatatu utaliweza?"

Alipoondoka, Brashi aliingia kiti cha nyuma, upande wa kushoto, akajifungia. Akaweka paji la uso kwenye kioo. Kilikuwa cha moto kama vingine vyote.

"Wifi," alisema. "Nimeona. Nasema sasa. Nimeona."

Akasubiri. Aligonga yeye mwenyewe kwa kifundo cha kidole, akategea sikio. Palinukia sabuni ya ndimu.

"Brashi!" mkewe aliita kutoka getini, sauti imejaa furaha. "Toka huko, kaka amefika!"

Shemeji alizunguka gari mara moja, akafungua mlango wa nyuma, akavuta hewa kifuani, akaiachia taratibu.

"Halinuki chochote," alisema. "Ahsante, shemeji."

Na kwa kuwa alikuwa mkubwa wake, na mkewe alikuwa amesimama pale akitazama, Brashi akampa funguo kwa mikono miwili.