Kitanda cha Futi Tatu

Stendi ilijaa watu wa kuondoka. Mabasi yalipakia vijana, na chini ya kila dirisha alisimama mama akipunga mkono. Fundi cherehani, ndani ya gauni la samawati alilojishonea mwenyewe, alikuwa amemsindikiza kaka yake. Alipogeuka kufuta machozi, akagongana na kijana anayeshuka, begi la vifaa vya bomba begani.

"Samahani, dada. Mbona unanishangaa?"

"Hapa watu hupanda tu. Wanaoshuka hatujawazoea."

"Basi nizoee mimi."

Akamzoea. Fundi bomba alikuwa amechoka kuishi ugenini, na mji ulioondokewa na mafundi wake ulivuja kila nyumba, hivyo kazi hakukosa. Fundi cherehani zamani alishona sare za shule. Sasa watoto walikuwa wachache. Alishona magauni ya vikongwe, yenye vifungo vikubwa mbele. Makaratasi ya kukatia sare aliyashusha kutoka juu ya kabati, akayafunga kamba, akayaweka mlangoni mwa duka lake ayatupe.

Kila jioni fundi bomba alimpigia simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Bado. Nakusubiri wewe unikumbushe."

"Mwongo! Nakusikia unatafuna."

Siku moja shangazi wa fundi cherehani akaingia dukani, hata hakuketi. "Mwanangu, yule fundi wako kauza kitanda."

Cherehani ikanyamaza. Katika mji ule hakuna aliyetangaza safari kwa mdomo. Mtu akiuza kitanda, watu walijua anaondoka. Kaka yake aliuza. Rafiki zake wote waliuza.

Jioni ile simu iliita mpaka ikachoka. Kesho yake vilevile. Mwishowe fundi bomba akaja mwenyewe, suruali imelowa magotini.

"Nimekukosea nini?"

"Safari njema," alijibu, macho kwenye kitambaa.

"Safari ya wapi tena?"

"Si umeuza kitanda?"

Kijana akaduwaa, kisha akacheka taratibu. "Kilikuwa cha futi tatu, mpenzi. Nimemwagiza seremala cha tano kwa sita. Nilitaka kikamilike kwanza, ndipo nije kwa baba yako."

Fundi cherehani uso ukamwaka moto. Akavuta futi ya kupimia shingoni, akaizungusha vidoleni.

"Mtu mmoja, tano kwa sita ya nini?"

"Ndiyo nakuuliza wewe."

Fundi cherehani akainuka. Alishusha jora jeupe, akaanza kupima shuka. Fundi bomba akainama mlangoni, akalibeba lile furushi la makaratasi ya sare na kulirudisha juu ya kabati.

"Haya," akasema, "usiyatupe."