Aliyemtangulia Uybaan

Jirani yetu Uybaan alikuwa dereva hodari, ila mdomo wake haukuwa na breki. Asubuhi ile ya mwezi wa tatu alikuwa mjini, alikofuata dawa, na mama yake aliyeishi huko, Bibi Ogdo, alikuwa anapika chapati za maji. Uybaan akatandaza ramani kando ya jiko la kuni na kupanga safari kwa sauti.

"Saa mbili naondoka. Saa sita nakula kwa Stepan pale kivukoni. Saa kumi niko nyumbani, namchoma Kunney sindano yake."

Mama akaganda na mwiko mkononi. Kwetu huku kaskazini mtu haitaji njia yake mbele ya moto kabla ya kuulisha chakula, maana wasioonekana husikia na kumtangulia. Unasema tu, "Naenda huko, nikijaliwa."

"Mwanangu, nyamaza," alinong'ona. "Unasikilizwa."

"Na nani, mama? Na sufuria?"

Bibi Ogdo akatupa chapati motoni haraka haraka. Ikakaa juu ya makaa bila kuungua, kana kwamba moto umeikataa.

Uybaan hakuwa na muda wa hayo. Kunney, bintiye wa miaka saba, alikuwa na kisukari, na kule kijijini kwetu dawa ilibaki ya siku moja. Barabara yenyewe ni mto ulioganda, na wiki ile barafu ingeanza kulainika. Akafunga dawa mpya kifuani ndani ya koti isigande, akapakia garini madumu mawili ya dizeli na shoka, akaondoka.

Saa sita alifika kwa Stepan. Mzee akamkodolea macho.

"Umesahau nini tena?"

"Kusahau? Ndiyo kwanza nafika!"

"Acha utani wako. Si umeondoka hapa sasa hivi? Supu umeiacha, ukasema inakuunguza."

Uybaan alitaka kucheka, akashindwa. Nje, kwenye theluji, kulikuwa na alama mbichi za matairi. Yalikuwa matairi yake, hata ule mkwaruzo wa gurudumu la kushoto.

Akakanyaga mafuta. Mchana kweupe, jua kali, misitu pande zote. Hakuna mtu. Alama ziko mbele. Kila kona zilikata pale pale ambapo angekata yeye.

Saa kumi kasorobo alifika. Mkewe Varya akafungua mlango, akarudi nyuma.

"Kunney yuko wapi?" Uybaan aliuliza.

"Umemchukua wewe," Varya alinong'ona. "Umesema unampeleka hospitali. Nimemvalisha buti mwenyewe."

Uybaan akakimbia. Alama zilishuka mtoni, zikaenda hatua mia mbili, zikaisha. Hakuna ufa. Hakuna shimo. Alipiga magoti, akamwita mwanawe mpaka sauti ikakauka, na dawa bado ina joto kifuani.

Kijiji kizima kilitafuta siku tisa. Hakikupata kitu.

Ndani ya nyumba ya Uybaan joto lilikuwa la kutoa jasho. Kando ya jiko kilibaki kikombe alichonywea yule aliyekuja kwanza. Chai ndani yake ilikuwa barafu tupu. Mto uliyeyuka mwezi wa tano. Ile chai haikuyeyuka.