Daktari Aliyeona Kikombe

Kila asubuhi Akoth alimlisha mumewe kama mtoto. Mzee Odero alikuwa dereva wa treni, mtu wa mikono yenye nguvu. Sasa alikuwa na Parkinson, ugonjwa wa ubongo usiopona. Mwili ulikakamaa, mikono ikatetemeka. Dawa alikunywa, lakini asubuhi yote hakuweza hata kushika kikombe.

"Nataka kunywa mwenyewe," alimwambia Akoth kwa sauti ya chini. Kulishwa kulimuuma mzee kuliko ugonjwa wenyewe.

Nesi Chepkemboi wa hospisi aliwatembelea nyumbani Kiamunyi kila wiki mbili. Kazi yake ni kuwapunguzia mateso wagonjwa kama Odero. Jumanne hiyo alikuja na simu pana kama daftari.

"Mama Valarie," alimwambia Akoth, "leo tutaongea na daktari wa ubongo. Yuko Nairobi. Mzee hatasumbuka na safari."

Akoth akavua leso yake, akaifunika ile simu.

"Hapana. Mtampiga picha, kesho nchi nzima inamwangalia akitokwa na mate."

"Hairekodi, mama. Na msipokubali, sipigi. Kukataa ni haki yenu."

"Na ni daktari gani anapima mtu bila kumshika? Hata mnunuzi wa ng'ombe kule Njoro humshika ng'ombe!"

Odero alicheka kifuani. "Mama Valarie, nimeendesha treni miaka ishirini na saba nikifuata taa za reli zilizowashwa na mtu nisiyemwona. Niligonga nani?"

"Mbuzi wa Mathenge."

"Huyo alijitakia. Toa leso."

Akoth akatoa leso, nesi akapiga. Kwenye simu akatokea mama mwenye miwani. Alisema anaitwa Daktari Reena, na yuko peke yake ofisini.

"Zungusha simu tuone," Akoth akasema.

Daktari akazungusha. Ukuta. Meza. Mlango umefungwa. Akoth akatazama yote, lakini hakuketi.

Daktari alimwomba Odero agonganishe kidole na gumba. Nesi akamkunja kiwiko, akaeleza jinsi kilivyokuwa kigumu. Kisha daktari akasema, "Mama, nionyeshe anavyokunywa dawa."

Akoth akanuna. Sasa yeye ndiye anapimwa? Akafanya kama siku zote. Akaleta kikombe kikubwa cha maziwa na mayai mawili. Akamlisha Odero. Halafu Akoth akashika kidonge, amteremshie kwa maziwa.

"Ngoja hapo, mama. Kila siku ni hivyo?"

"Kumbe mmekuja kunipeleleza! Mnataka nimnyime chakula?"

"La, mama. Unamlisha vizuri. Shida ni saa. Dawa hii na vyakula kama maziwa, mayai na nyama hugombania njia moja ya kuingia mwilini. Chakula kikitangulia, dawa inachelewa."

Akoth akashika kiuno. Kliniki walimuuliza kila mara, "Dawa anakunywa?" Alijibu ndiyo, na ilikuwa kweli. Hakuna aliyeuliza anakunywa na nini. Kikombe cha maziwa kilibaki nyumbani, wala daktari hakukiona.

"Mpe dawa na maji, akiwa ameketi wima," daktari akasema. "Subiri nusu saa, ndipo umpe maziwa. Usiongeze kidonge wala kupunguza. Na akianguka, akipaliwa, akipata homa au akianza kuchanganyikiwa, usingoje simu. Mpigie nesi, mpelekeni hospitali."

"Tutaona," Akoth akajibu, akafunika simu.

Alitumia redio. Habari za saa moja zikianza, kidonge na maji. Saa moja na nusu, maziwa. Siku ya kwanza hakuona kitu. Ya tatu akasema, "Nilijua." Siku ya tisa alimpelekea kikombe mdomoni, Odero akakisukuma kidogo.

"Weka mezani."

Akakishika kwa mikono miwili. Maziwa yalimwagika shatini. Akayanywa yaliyobaki mpaka chini.

Jumanne iliyofuata nesi alirudi na fomu. "Hospisi inataka kujua kama kuongea na daktari kwa simu kumewasaidia. Sema ukweli, mama, hata ule mbaya."

"Andika hakumshika, na hilo silipendi. Andika sauti ilikatika mara mbili. Andika leso yangu iko tayari."

Chepkemboi akaandika yote. "Kuna lingine?"

Akoth akamtazama mumewe, ndevu nyeupe kwa maziwa.

"Andika kikombe anashika mwenyewe. Halafu muulize huyo Reena anapiga tena lini. Lakini azungushe simu kwanza, nione ule mlango."