Sikio la Dereva

Kila wakitoka shule, Chapuchapu na dada yake walipitia studio ya mama yao mdogo, mpiga picha. Walifagia, wakafuta vumbi kwenye taa, kisha wakaruhusiwa kupiga picha za wateja.

Dada alimkalisha mteja, akasogeza taa, akamnyooshea kola, halafu akapiga picha mbili tu. Chapuchapu alipiga ishirini kufumba na kufumbua, makosa akaenda kuyarekebisha kwenye kompyuta. Lakini kwenye kioo cha mlangoni, palipobandikwa picha bora, zote tano zilikuwa za dada. Kila alipozipita, wivu ulimkereketa moyoni.

Siku moja alikuja dereva wa lori, akitaka picha ya leseni. Chapuchapu alimdaka kabla dada hajanyanyuka. Alimkalisha karibu mno na ukuta, na kivuli kikaganda nyuma ya sikio lake.

"Nitakifuta kwenye kompyuta," akawaza.

Akakifuta, akaung'arisha uso, akamkabidhi picha huku akimtupia dada jicho. Dereva alikuwa na haraka, akaitia mfukoni bila kuitazama.

Kesho yake alirudi. "Mwanangu, wameikataa. Wanauliza sikio langu la kulia liko wapi. Na bila leseni, keshokutwa sina safari."

Kweli, sikio lilikuwa limefutwa pamoja na kivuli. Chapuchapu alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Nilitaka kumpita dada," alimwambia mama mdogo, machozi yakimlengalenga. "Namwonea wivu."

Dada akashangaa. "Na mimi nakuonea wivu wewe. Hiyo kompyuta hainisikii hata kidogo. Njoo, taa inakaa hapa."

Wakakisogeza kiti mbali na ukuta. Chapuchapu akatazama sikio hadi sikio, akapiga picha mbili. Uso ulitoka na giza kidogo, akauongezea mwanga kwenye kompyuta, na kovu la kidevuni akaliacha lilivyo.

Siku iliyofuata dereva alipita kuwaonyesha leseni yake. Mama mdogo alikuwa akibandika picha ya sita kwenye kioo, ile ya dereva.

"Kompyuta humalizia kazi, haiianzi," alimwambia Chapuchapu. "Weka mambo sawa kabla ya kupiga, kurekebisha kutakuwa kidogo tu. Na ukimwona mwenzako anaweza, mwulize. Ungemwuliza dada yako mapema, sikio la watu lingepona."

Dereva akajipapasa sikio. "Lipo," alisema, akaondoka zake.