Maziwa Yaliyokataa Kuganda

Yalianza maziwa. Mama Nkwabi wa Samuye aliyatia kibuyuni Jumatatu, kama alivyofanya tangu aolewe, na Alhamisi alipofungua ayasuke apate samli, aliyakuta mabichi vilevile, mepesi, kana kwamba ng'ombe amekamuliwa sasa hivi. Akaonja. Akatema.

"Nkwabi," aliita. "Njoo wewe msomi. Haya maziwa yana nini?"

Nkwabi alikuwa mwanawe wa kwanza, na mwaka huo wa 1956 alikuwa amerudi likizo ndefu kutoka chuoni Kampala. Huko alisoma kemia ya viumbe hai: jinsi chakula kinavyogeuka nyama mwilini, jinsi maziwa yanavyochachuka, jinsi damu inavyoganda. Samuye nzima ilijua kwamba kijana wa marehemu Maige anasomea damu, ingawa hakuna aliyeelewa damu inasomwaje.

"Kibuyu kimezidi moshi, mayu," alimwambia mama yake akicheka. "Moshi umeua chachu. Badilisha."

Mama akabadilisha. Jumapili maziwa yalikuwa mabichi bado. Nyama ya kuku iliyosahaulika chunguni siku nne haikuwa na funza wala nzi. Hata zizini, samadi ilikuwa imelala pale bila harufu yoyote, na mama, aliyezoea kuamka na harufu hiyo maisha yake yote, alisimama mlangoni akinusa hewa kama mtu aliyepotea kwake mwenyewe.

Nkwabi hakucheka tena. Alijua.

Kabla ya kufika nyumbani alikuwa amepita Geita kumwona rafiki yake Cornel, mchimbaji wa dhahabu. Cornel ndiye aliyemsimulia habari za shimo moja lililoachwa, lililojaa maji. Mtu alitumbukia humo wakati wa vita, na alipoopolewa baada ya miaka tisa alikuwa kama amelala usingizi, ngozi laini, midomo ina rangi. Wachimbaji walimzika wakakimbia, wakisema shimo lina mwenyewe. Nkwabi hakusikia habari ya mwenyewe. Alisikia jambo moja tu: maji yasiyoozesha. Aliteremsha chupa kwa kamba, akaijaza, akaifunga kwa nta, akaificha ndani ya sanduku lake la bati. Akigundua siri ya maji yale, alifikiri, jina lake litasomwa hadi Ulaya.

Kwa hiyo hakumwambia mama kitu. Alijifungia chumbani, akatia tone moja katika kikombe hiki cha maziwa na asitie katika kile, akaandika yote katika daftari. Vikombe vyote viwili vilikataa kuganda. Hakulazimika tena kutia tone. Ilitosha kwamba chupa ilikuwa ndani ya nyumba.

Siku ya nane ya majaribio hayo, jua la saa saba likichoma na kuku wamejificha vivulini, walisikia matone. To. To. To. Yalitoka chumbani kwa Nkwabi, katika nyumba ya udongo ambayo haikuwa imeona mvua mwezi mzima.

Limi, dada yake wa miaka kumi na sita, alikwenda kuchungulia. Alirudi amekunja mikono kifuani.

"Kaka," alinong'ona, "kuna mtu amekaa kitandani kwako."

"Mtu gani?"

"Sijui. Amenipa mgongo. Amelowa."

Nkwabi aliingia. Kitandani hapakuwa na mtu, lakini sakafuni palikuwa na nyayo mbili za maji, nyembamba, vidole virefu kuliko vya binadamu, zikielekea sandukuni, na juu yake ilining'inia harufu ya baridi, harufu ya jiwe la chini sana ambalo halijawahi kuguswa na jua. Alifungua dirisha. Jioni ilipofika, nyayo zilikuwa bado mbichi.

Kesho yake Limi alikuwa akikata uani viazi vya michembe, vya kuanikwa juani. Kisu kikateleza, kikamkata kidole, jeraha dogo ambalo mtoto wa Kisukuma hulipulizia vumbi akaendelea na kazi. Nkwabi alichukua saa ya mkononi bila kufikiri, maana ndivyo walivyofundishwa: damu ya mtu mzima wa afya huganda baada ya dakika chache. Zikapita kumi. Zikapita thelathini. Damu iliyodondokea ungoni ilikuwa inatembea bado, nyekundu, nyepesi kama maji ya rozela, na Nkwabi aliyejua kwa majina kila kinachotakiwa kuamka ndani ya damu ili ishikane, aliyepata alama za juu kwa kuyaandika majina hayo, alibana kidole cha dada yake kwa mikono miwili na kuona damu ikipenya katikati ya vidole vyake mwenyewe, ikienda, ikienda, kama kitu kilichosahau kwamba kuna kusimama.

Mganga wa zahanati alifunga bendeji tatu. Zote zikalowa. "Mpelekeni hospitali kubwa," alisema, "lori litapita keshokutwa."

Walipomlaza Limi, mama alimgeukia mwanawe. Hakupandisha sauti.

"Umeleta nini nyumbani kwangu?"

Nkwabi akaanguka magotini, akasema yote.

Usiku huohuo aliitwa Mama Pantaleo kutoka Maganzo, mwanamke mfupi aliyeuza tumbaku barabarani na ambaye watu walimfuata kwa siri kwa mambo ya majini na pepo. Hakupiga manyanga kama waganga wengine. Aliishika chupa, akairudisha haraka kama iliyomuunguza.

"Huyu hana ugomvi na ninyi," alisema. "Anapokaa, vitu husimama. Ndivyo alivyo. Sasa anakaa hapa."

"Mfukuze basi, dada," mama alisihi.

"Nimfukuzie wapi? Aliyemtoa ndiye amrudishe. Mimi nitabaki na binti, maana hospitali haitaizuia damu hii. Lakini kijana, kimbia. Hana damu ya siku nne binti huyu."

Nkwabi alipanda treni ya Mwanza na chupa kifuani. Kivukoni, akivuka ziwa kwenda Geita, abiria walisogea mbali naye mmoja mmoja, wakijifunika shuka ingawa jua lilikuwa kali. Mzee mmoja akamwuliza kwa huruma: "Na huyo mwenzako aliyelowa, mbona humpi nafasi akae?" Nkwabi hakugeuka. Hakugeuka mpaka Geita.

Cornel alimfikisha hadi miti ya mwisho kabla ya shimo, akakataa kusonga. Nkwabi alikwenda peke yake, akapiga magoti ukingoni, akamimina. Maji yalishuka, lakini hayakutoa sauti. Alingoja. Badala ya mlio ikapanda sauti ya Limi, dhaifu, kutoka gizani:

"Kaka. Na ulichoandika?"

Mkono wake ulikwenda kwenye daftari mfukoni. Kurasa arobaini. Hapakuwa na mtu duniani aliyekuwa na kurasa zile. Aliona ukumbi wa chuo, aliona walimu wakisimama, na kwa muda ambao hakupata kumwambia mtu urefu wake, alibaki mkono wake pale pale, huku dada yake akivuja damu Samuye.

"Kaka," sauti ilirudia, safari hii karibu zaidi.

Akalitupa. Ndipo akasikia maji, chubwi, mbali sana chini, na pumzi ndefu iliyompita usoni.

Aliporudi nyumbani harufu ya zizi ilimpokea njiani, akalia kama mtoto. Limi alikuwa ameketi, amekonda, kidoleni ana kigaga cheusi. Damu ilikuwa imekata Jumatano adhuhuri, saa ile ile alipolitupa daftari. Mama alimpa mwanawe maziwa ya mgando, makali hata yakamtoa machozi.

Alirudi chuoni, akasoma kwa bidii. Novemba, rafiki zake wakijiandaa kwa sherehe, alifuatana nao kwa kinyozi wa Wandegeya, jirani na chuo. Kinyozi alimfunga kitambaa shingoni, akapitisha kitana, akasita.

"Nilikunyoa jana?" aliuliza.

"Hapana. Sijanyolewa tangu likizo ya Mei."

Mtu yule alimtazama kwenye kioo kwa muda, kisha akaweka mkasi chini polepole na kumfungua kitambaa. Nkwabi alitoa mikono yake, akatazama kucha. Zilikuwa fupi, safi, zimekatwa vizuri. Alijaribu kukumbuka wembe alikouweka, na akagundua kwamba tangu atoke Geita hajauhitaji.